Asiransi ya magari wakati wa matope: tulipe pamoja ili tulipe kidogo

Mvua imerudi, na kila mwaka ikirudi, swali moja linarudi nayo katika mikutano yetu hapa Mudaka: asiransi ya gari na ya moto. Wenye moto wanauliza, wenye Fuso wanauliza, hata wamama wanaopeleka ndizi na makala Bukavu wanauliza, sababu kila franga anayolipa mwenye gari inaishia katika bei ya safari. Mwaka wa 2024 swali lilikuwa kali zaidi. Koperative moja ya wachimbaji tunayoisaidia ilichanga miaka 2 ikanunua kamio ya okazyo. Siku ya kulipa asiransi ilipofika, kesi ilikuwa karibu tupu. Wengi katika mkutano wakasema: tuiache hiyo asiransi, tutampa polisi wa barabara kitu kidogo kila akitusimamisha, na mwaka utapita.

Sisi wa sendika hatukukubali. Lakini tuseme ukweli: siku ile hatukuwa na jibu nzuri ya kuwapa. Tulisema tu “sheria inakataza”, na mzee mmoja akatujibu: “Sheria inakataza vitu mingi, watoto yangu, na sisi tunakula na vitu hiyo.” Watu wote wakacheka. Njo maana tulichukua wiki kadhaa kuomba mikataba ya zamani kwa wenye magari, kuisoma mstari kwa mstari, na kuuliza wale wanaofanya hiyo kazi. Tulichokipata ndicho tunaandika hapa.

Kwanza, tueleze kwa nini hatukukubali. Msimu wa mvua uliopita, kamio ndogo ilitoka kareri ikiwa na mifuko, na juu ya mifuko walikaa vijana wanne, kama tunavyofanya sisi wote. Ilikuwa usiku, barabara ilikuwa matope matupu, gari ikateleza ikalala upande. Mmoja wa vijana alikufa pale pale. Alikuwa memba wetu, na aliacha mke na watoto watatu. Gari ilikuwa na asiransi, karatasi ilikuwa kwenye kioo, shofere aliionyesha kwa kujivuna hata. Lakini mkataba ulisema gari ni ya matumizi binafsi ya familia. Mwenye gari alidanganya vile ili alipe kidogo. Kampuni ikasema: gari hii ilikuwa ya biashara ya kubeba mizigo, na watu walikaa juu ya mizigo, sisi hatulipi. Tulipiga magoti, tuliandika barua, hatukupata kitu. Mjane yule leo anauza mkaa. Karatasi ya bei rahisi ndiyo iliyomgharimu kuliko zote.

Kwa hiyo mtu akituuliza namna ya kupunguza bei ya asiransi, tunaanza na hapo. Kuna bei inayoshuka sababu hatari imeshuka ao sababu watu wamenunua pamoja. Na kuna bei inayoshuka sababu umesema uongo. Hii ya pili hatuiiti upungufu wa bei.

Tuingie katika mambo ya sheria kidogo, msichoke. Wazee wanakumbuka kwamba katika nchi hii asiransi ilikuwa jina moja tu: SONAS. Ilianzishwa mwaka wa 1966, na kwa miaka karibu 50 ilikuwa peke yake. Ukitaka, ukikataa, ni SONAS. Mutu akiwa peke yake sokoni, bei anaiweka yeye. Tarehe 17 mwezi wa tatu 2015 sheria mpya ya asiransi ilitiwa saini, ikafungua mlango kwa kampuni zingine. Ikaundwa pia ARCA, ofisi ya serikali ya kuzisimamia kampuni hizo na kuzipa ruhusa ya kufanya kazi. Mwaka wa 2019 ruhusa za kwanza zilitoka: Activa, Rawsur, SFA, na SONAS yenyewe ikaendelea pamoja nao. Baadaye zikaongezeka zingine.

Lakini huku kwetu watu mingi hawajabadilisha mawazo. Bado mutu anaenda kwa yule yule aliyemuuzia mwaka jana, anauliza “ngapi?”, analipa, anabandika kwenye kioo. Hakuna anayeomba bei mahali pawili ao patatu. Koperative ikitaka kununua jenereta inazunguka Kadutu siku nzima kutafuta bei. Asiransi inaweza kupita bei ya jenereta ile ukihesabu miaka 3, na tunainunua kwa dakika 10! Ombeni bei kwa maandishi kwa kampuni mbili tatu zenye ofisi ao mjumbe hapa Bukavu. Kisha hakikisheni kampuni iko katika orodha ya ARCA, sababu karatasi za uongo zinazunguka pia, na karatasi ya uongo ni bei rahisi kuliko zote.

Sasa, unanunua nini? Ile ambayo sheria inalazimisha ni moja: asiransi ya kulipa wengine, ile wanaita RC. Ukigonga mtoto wa mutu, ukivunja duka la mutu, kampuni inalipa kwa nafasi yako. Hailipi gari yako. Na shofere mwenyewe, kwa kawaida, haimlipi. Hapa watu wanashangaa sana, hata mashofere wenyewe. Yaya mmoja anayeendesha tangu miaka mingi alituambia: “Kumbe nilikuwa ninabeba karatasi ya kulinda kila mutu isipokuwa mimi?” Ndiyo, yaya. Kwa shofere kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza kipande cha kumlinda shofere ndani ya mkataba. Ya pili ni haki ambayo haiongezi hata franga moja kwa bei ya asiransi: kama shofere ni mfanyakazi wa koperative, anapaswa kuandikishwa CNSS, na CNSS inasimamia ajali za kazi. Sisi wa sendika tumelilia hilo kwa wachimbaji, na tunalilia kwa mashofere pia. Koperative inayomwita shofere “mutu wa kusaidia tu” ili isimwandikishe, siku ya ajali itajua kwamba hakuna aliyesaidiwa.

Halafu kuna zile za kuongeza: wizi, moto, vioo, na ile ya kufunika kila kitu. Hapa ndipo pesa inapotea ovyo. Kamio ya okazyo ya miaka 20, kuifunika kila kitu ni kulipa sana kwa chuma ambacho thamani yake inashuka kila siku, na siku ya kuvunjika watakupa thamani ya leo, si bei uliyoinunua. Kwa gari kama hizo, sisi tunaona RC ya kweli na kipande cha shofere vinatosha. Lakini kama gari ni mpya na mmeikopa benki, hapo benki yenyewe itawaomba zaidi, na wana haki.

Kuna carte jaune ya COMESA pia, ile ya kuvuka mpaka. Anayevuka Ruzizi kwenda Rwanda anaihitaji, asijaribu bila hiyo. Lakini tumekuta mutu ambaye gari yake haijawahi kupita Kavumu upande huu na Walungu upande ule, na bado alikuwa analipia mambo ya kuvuka. Aliambiwa “ni pamoja”. Soma, ndugu. Kama hujui kusoma Kifaransa, mpe mtoto wako wa segondari akusomee.

Sasa tuje kwenye matope yenyewe. Dada wa memba mmoja anaishi Montréal. Siku moja alitumia kaka yake picha za gari imefunikwa na theluji mpaka kwenye vioo, na tukapitisha simu mkono kwa mkono tukicheka. Lakini alieleza jambo ambalo lilitunyamazisha. Kule Québec, sheria inalazimisha kila gari kuvaa mipira ya baridi tangu tarehe 1 mwezi wa 12 mpaka tarehe 15 mwezi wa tatu. Na jimbo jirani, Ontario, tangu mwanzo wa 2016 serikali inalazimisha kampuni za asiransi kumpunguzia bei mutu anayeweka mipira ya baridi. Kwa sababu gani? Mipira mizuri, ajali kidogo. Ajali kidogo, kampuni inalipa kidogo. Basi sehemu ya faida irudi kwa mwenye gari.

Sisi hatuna theluji, isipokuwa mutu apande juu ya Ruwenzori kuitafuta. Lakini tuko na matope tangu mwezi wa tisa mpaka wa tano, na matope ya udongo mwekundu wa huku yanateleza, hakuna wa kutufundisha hilo. Ukipita Miti ukageuka upande wa Bunyakiri, ukapanda kwenye msitu wa Kahuzi-Biega, utaona mwenyewe. Ao nenda upande wa Mwenga na Kamituga. Mbona hakuna kampuni inayomuuliza mwenye gari: mipira yako ikoje? Una cheni? Freni ziliangaliwa lini? Unatembea usiku ao mchana? Wanauliza nguvu ya moteri na aina ya matumizi, basi. Kwa hiyo yule anayejikaza kununua mipira mipya analipa sawasawa na yule ambaye mipira yake imekuwa laini kama kichwa cha mzee.

Hapo tunaona kazi ya kufanya, na hapa ndipo koperative inaingia. Mutu mmoja akienda kusema “mimi naendesha vizuri”, watamjibu kila mutu anasema vile. Lakini sheria ya madini, ile ya 2002 iliyorekebishwa mwaka wa 2018, imetulazimisha wachimbaji wa mikono kuwa ndani ya koperative. Tumelalamika sana juu ya hiyo, na sababu zingine za kulalamika bado ziko. Ila koperative yenye ruhusa ni mutu mbele ya sheria: inaweza kutia saini mkataba. Inaweza kukusanya kamio 3 na moto 25 za memba wake, ikaenda mbele ya kampuni na kusema: tuko na vyombo 28, tunataka mkataba mmoja, bei gani? Wanaita hiyo flote. Kampuni inapenda flote, sababu inaandika karatasi mara moja, inakusanya pesa mara moja, na hatari imegawanyika. Mashirika makubwa ya Bukavu yenye jeep nyingi yananunua vile kila mwaka. Sisi ndio tunaenda mmoja mmoja kama watu wa kuomba chumvi.

Wenzetu wa Kenya wametutangulia katika kukusanyika. Kule mwenye matatu hawezi kufanya kazi peke yake. Sheria ya 2014 inamtaka awe ndani ya kampuni ao koperative, wanaita SACCO, yenye magari yasiyopungua 30. Mambo yao si mbinguni, ajali ziko na ugomvi uko. Lakini SACCO ikigonga mlango, mlango unafunguka.

Koperative ikienda, isiende mikono mitupu. Iende na daftari. Daftari la kila gari: shofere ni nani, permis yake, siku ya kontrole tekniki, siku mipira ilibadilishwa, ajali ngapi katika miaka 3. Na iende na kanuni zilizotiwa saini na mashofere: mvua kubwa ikinyesha, gari inasimama, usiku haitembei na mizigo, hakuna mutu juu ya mifuko. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, tunajua. Kijana akitoka kareri saa 11 jioni akakuta gari inashuka, hatangoja kesho. Katika mkutano vijana walitupigia kelele: “Munataka tutembee na miguu?” Jibu tulilofikia, na si jibu kamili, ni kwamba koperative iweke gari moja kwa siku ya watu, iandikwe katika mkataba kama gari ya kubeba watu, na bei yake igawanywe. Itakuwa ghali kuliko ile ya mizigo. Lakini kijana akianguka, familia itakuwa na mlango wa kugonga.

Na daftari hilo likionyesha mwaka mzima bila ajali, ombeni kupunguziwa, kwa maandishi. Kampuni nyingi duniani zina desturi hiyo, lakini haiji yenyewe kukutafuta nyumbani.

Kuna njia nyingine ya kushusha bei ambayo mwanzoni tuliiogopa: franshizi. Maana yake, mnakubaliana kwamba uharibifu mdogo utalipa wewe mwenyewe mpaka kiasi fulani, na kampuni italipa kinachozidi hapo. Ukikubali kiasi kikubwa kidogo, bei ya mwaka inashuka. Mutu maskini akisikia vile anasema: sasa nitatoa wapi? Lakini mama mmoja wa MUSO ndiye alitufungua macho. Katika MUSO zetu tuko na kesi ya kijani ya mikopo na kesi nyekundu ya shida: ugonjwa, kilio, ajali. Alisema: “Mambo madogo tuachie kesi nyekundu. Makubwa, kama kifo ao nyumba ya mutu kuvunjika, hayo ndiyo mumpelekee mwenye asiransi.” Hatujasikia fundi wa asiransi kueleza vizuri kuliko yeye. Muangalie tu jambo moja: franshizi isiwe kubwa kuliko kile kesi nyekundu inaweza kutoa leo, si kile mnatumaini itakuwa nacho mwaka kesho.

MUSO hiyo hiyo inaweza kusaidia kwa kulipa. Shida kubwa ya wamotari wetu si bei ya mwaka peke yake, ni kwamba inaombwa siku moja. Tuseme karatasi ni dola 104 kwa mwaka (huu ni mfano wa hesabu, si bei ya mutu): ni dola 2 kila yenga. Dola 2 motari anazipata. Dola 104 siku moja hazipati, basi ananunua miezi 3, kisha miezi 3 tena. Na mkifanya hesabu, vipande vya muda mfupi vikijumlishwa kwa kawaida vinapita bei ya mwaka mzima. Maskini analipa zaidi sababu analipa kidogo kidogo. Likelemba ya asiransi, kila yenga, na wa kwanza kupokea awe yule ambaye karatasi yake inaisha mbele: hiyo hata kesho tunaweza kuianza.

Lakini tusijibebeshe makosa yote sisi wenyewe. Ajali nyingi zinatoka kwa barabara. Kila lita ya mazutu tunayonunua ina sehemu ya FONER, mfuko wa kutengeneza barabara ulioundwa mwaka wa 2008, na kwenye peaji tunalipa tena. Kwa hiyo tunalipa barabara, kisha tunalipa freni zilizoharibika juu ya barabara, kisha tunalipa asiransi iliyopanda juu ya ajali za barabara. Mara tatu kwa shimo moja. Wakati wa salongo vijana wetu wanachimba kanivo na kumwaga kokoto, na wamama wanabeba mawe. Tutaendelea, sababu maji hayangoji Kinshasa. Ila tungetaka kujua pesa ya peaji ya barabara hii inafanya nini kwa barabara hii.

Na kuna mambo ambayo asiransi haitagusa, hata mlipe vipi. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023 maji yalishuka kutoka milimani juu ya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, na watu zaidi ya 400 walikufa. Wengine wetu tulifika pale. Mwezi wa pili 2024 vita vya upande wa Sake vilikata barabara ya kwenda Goma, na mizigo iliyokuwa inapanda upande ule ikaanza kushuka huku, juu ya barabara ile ile. Someni ukurasa wa mwisho wa mkataba, ule wa herufi ndogo: vita, fujo za watu, mara nyingi na misiba ya asili, vinawekwa kando. Gari ikichomwa na wenye silaha, hamtalipwa. Asiyejua hilo anafikiri amelindwa, na anatuma shofere fasi ambayo hangemtuma.

Ile koperative ya kamio ya okazyo haijalipa bado. Kamio imesimama, na kila siku ikisimama watu wanatuangalia vibaya. Tumeandika barua kwa kampuni tatu kwa jina la koperative tatu pamoja, tukiomba bei ya flote na kuweka daftari ndani. Moja imejibu na kuuliza idadi kamili ya moto. Kwa hiyo wenye moto na magari waliokuwa wanangoja kuona, walete karatasi ya zamani, permis na namba ya plaki siku ya yenga baada ya misa, hapa Mudaka karibu na soko. Mjane yeyote ambaye bwana yake alikufa barabarani na hakulipwa, aje pia na karatasi alizonazo, hata kama ajali ni ya zamani. Tunataka kuzisoma kabla ya kutia saini yetu.